Umerudishwa kwenye mteremko wa watoto? Kaa huko huko kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru. Anaandika hivi:

"Mwalimu, habari. Naishi Nakuru, upande wa Section 58. Mume wangu ni Mwaustria, na kila Februari tunaenda kwao Tirol kwa wiki mbili. Skii, huku kuteleza juu ya theluji, nilijifunza ukubwani, lakini sasa nashuka miteremko myekundu, ile ya ukali wa kati, na safari iliyopita nilishuka hata mweusi, ule mkali kabisa, bila kuanguka. Shida ni shemeji yangu. Ananiambia kila siku kwamba naburuta skii, sikati kona. Nikamlipa mwalimu wa huko, naye akanirudisha kwenye mteremko wa buluu, ule mwepesi, jirani na watoto, akanikataza kutoka. Niliona aibu, na niliona pesa zimepotea. Je, alikuwa na haki? Na hii miezi yote ninayokaa Nakuru, kuna kitu naweza kufanya? Tunapitia Dubai tukienda, pia nimesikia kule kuna theluji ya ndani."

Dada yangu, karibu. Mwalimu yule hakukuonea, wala hakula pesa zako bure. Ningekuwa mimi ningekushusha zaidi, hadi kwenye ule uwanja wa karibu tambarare ambapo watoto wa chekechea wanapita wakiimba. Shemeji yako nina neno naye, lakini tulifikie baadaye.

Tuanze na chombo. Ilaze skii yako sakafuni uitazame kutoka juu: mbele pana, nyuma pana, katikati imeingia ndani na kufanya kiuno. Ukiiinamisha ikasimama kwa ubavu, ncha mbili ndizo zinazogusa chini, katikati inabaki hewani. Sasa weka uzito wako hapo katikati. Skii inapinda, kiuno kinashuka mpaka kinagusa theluji, na ule ukingo wa chuma ulioko pembeni, makali yake, unakuwa upinde. Upinde huo ukiachwa uende, utakata kona wenyewe. Wewe hujaizungusha skii. Umeiinamisha tu, ukaisimamia, ukangoja.

Hiyo ndiyo siri yote ya kukata kona, kile wenye skii wanachokiita kavingi. Skii za zamani zilikuwa na kiuno kidogo sana, na kuzipinda kulihitaji miguu ya bingwa na mwendo wa bingwa. Ni katika miaka ya 1990, kampuni ya Elan ya Slovenia ilipoleta skii zake za SCX na wengine wakafuata, ndipo mtu wa likizo alipopata chombo kinachomkubalia. Mgongoni mwa skii yako kumeandikwa herufi R na namba, pengine R 13 au R 15. Hiyo ni nusukipenyo, kwa mita, ya duara ambalo kiuno hicho kingechora. Kadiri unavyoiinamisha zaidi, duara linazidi kuwa dogo: skii ya R 14 ikiinama nyuzi 45 itachora duara la nusukipenyo cha kama mita 10, na ikiinama nyuzi 60, mita 7.

Kuburuta ni jambo jingine. Skii inatazama huku, wewe unakwenda kule, na makali yanakwangua theluji kwa upande. Ni breki. Ni breki nzuri sana, ndiyo maana uliufika mwisho wa ule mteremko mweusi ukiwa mzima.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Katika Austria na Ujerumani mteremko wa buluu kwa kawaida hauzidi asilimia 25, yaani unashuka mita 25 kwa kila mita 100 za mlalo. Mwekundu unafika asilimia 40. Mweusi unapita hapo. Mtu akisimama juu ya mweusi, mwili wake unafanya mambo matatu kabla akili haijaulizwa: unaegemea nyuma kuelekea mlimani, mabega yanageuka kuitafuta kona, na visigino vinasukuma skii ziende kando haraka ili mwendo upungue. Yote matatu ni adui wa kukata kona. Ukirudia kona mia za namna hiyo kwa siku, umefanya mazoezi kweli, ila umefanyia mazoezi hofu. Halafu mteremko mkali una tabia ya kukusifu. Kwa kuwa umefika chini bila kuanguka, unadhani umejua.

Kwenye buluu hakuna cha kukutisha, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ukielekeza skii moja kwa moja kule maji yangetiririkia, hutapaa. Mwanzoni utakwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Unapata sekunde mbili tatu za kuinamisha miguu na kusubiri skii ijibu. Sekunde hizo ndizo ulizolipia. Kule juu hakuna mtu anayezipata isipokuwa yule anayejua tayari.

Jambo la pili ni alama. Nenda asubuhi mashine ikiwa imetoka kusawazisha theluji, kabla watu hawajaikanyaga. Shuka kona chache, simama pembeni, geuka utazame ulikopita. Usimuulize shemeji, usimuulize mume, iulize theluji. Kona iliyokatwa inaacha mistari miwili myembamba, kila mmoja upana wa penseli, inayokwenda sambamba bila kugusana. Kona iliyoburutwa inaacha eneo pana lililosuguliwa. Watu wengi, na nadhani wewe ni mmoja wao, wana alama mchanganyiko: pana pale kona inapoanzia, nyembamba pale inapoishia. Maana yake ni kwamba unaanza kwa kuzungusha, kisha skii ikishageuka ndipo unapoisimamia. Ukiwa juu yake unahisi umekata, kwa sababu mwisho wa kona ndio unaosikika zaidi mguuni. Kosa liko juu, pale mwanzo, ambapo wewe ulikuwa na haraka.

Ikiwa mstari wa skii ya nje ni mwembamba lakini wa ndani umetapakaa, goti la ndani limebaki limesimama wakati la nje limeinama, magoti yanakaribiana. Dawa yake inawashangaza watu: usianze kona na mguu wa nje. Anza na kidole kidogo cha mguu wa ndani. Ukitaka kwenda kushoto, inamisha mguu wa kushoto uelekee kidole chake kidogo, na mguu wa kulia utafuata wenyewe kwa upande wa kidole gumba. Ukianza na wa nje, wa ndani hubaki nyuma.

Masikio nayo yasaidie. Kuburuta kunakwaruza, unasikia kabisa. Kukata kona kuna sauti ndogo tu, karibu kimya.

Sasa mazoezi yenyewe. La kwanza walimu huliita reli, na ndilo huenda yule mwalimu alikuwa anakutafutia nafasi. Simama mahali pa upole kabisa, miguu imeachana upana wa nyonga, acha skii ziende moja kwa moja chini. Kisha inamisha vifundo vya miguu yote miwili kulia, kidogo tu, ungoje. Skii zitaanza kwenda kulia taratibu. Zirudishe wima, inamisha kushoto, ngoja. Usigeuze mabega, usiinuke, usisukume kitu. Kona zitakuwa ndogo mno hata utadhani hufanyi lolote, na mtoto atakupita. Mwache apite. Tazama alama. Zikiwa mistari miwili safi, basi kwa mara ya kwanza umeiachia skii kazi yake.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na kama ungekuwa na asubuhi moja tu ningekupa hili peke yake. Anza tena moja kwa moja chini. Inamisha skii upande mmoja na usibadilishe kitu tena. Ngoja. Skii itakuzungusha mpaka uwe unakata mteremko kwa mlalo, kisha itaanza kupanda kidogo, na mwisho itasimama yenyewe kwa kuwa inapanda. Hukufunga breki. Mlima umekusimamisha. Fanya kulia, fanya kushoto, na utagundua upande mmoja unakubali na mwingine unakataa. Kila mtu anao mguu mgumu. Zoezi hili linafundisha mwili jambo ambalo maneno hayafundishi: kwamba mwendo unaweza kudhibitiwa kwa kumaliza kona badala ya kusukuma visigino. Mtu akishaliamini hilo tumboni, hofu ya mteremko mwekundu inapungua nusu.

Kuna tahadhari hapo. Mtu anayekata kona anautumia mteremko kwa upana wake wote, na kwenye zoezi hili anapanda kabisa, jambo ambalo anayekuja nyuma halitarajii. Sheria za mwenendo za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zilizopo tangu 1967, zinampa haki aliye mbele. Lakini sheria hizo hizo zinamtaka anayeanza kuondoka au anayegeuka kuelekea juu atazame juu na chini kwanza. Kila mara tazama juu na chini, kisha ndiyo uondoke. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda mapema watu wakiwa bado kwenye chai.

Baada ya hapo, uzito. Skii ya nje ndiyo inayobeba. Jipime hivi: ukiwa katikati ya kona, inua kidogo mkia wa skii ya ndani, ncha yake ya mbele ikiwa bado inagusa theluji. Ukiweza kuishikilia hivyo hadi kona iishe, uko sawa. Ukidondoka kuelekea ndani, ulikuwa umeegemea skii isiyofaa na hukujua.

Wakenya tuna ugonjwa wetu hapa, nao unatoka barabarani. Mwendesha boda boda akiingia kona kwenye lami nzuri, yeye na pikipiki hulala pamoja, kitu kimoja. Tumelizoea hilo tangu utotoni, na mtu akipanda skii anataka kulala vivyo hivyo, kichwa na mabega vikiwa vya kwanza kuingia ndani ya kona. Kwa mwendo mdogo wa mteremko wa buluu hakuna nguvu ya kukushikilia, kwa hiyo uzito unahamia skii ya ndani, ya nje inalegea na kuanza kuburuta. Miguu na nyonga ndizo ziiname kwenda ndani; kiwiliwili kibaki juu ya skii ya nje. Shika fimbo zako mbili kwa mlalo mbele ya kifua, mikono yote miwili, uzitazame: zikae sambamba na theluji. Zikiinama kuelekea ndani ya kona, umelala kama boda boda wa Kondele, kule Kisumu. Au peleka mkono wa nje uguse ubavu wa goti la nje wakati wote wa kona. Linaonekana zoezi la kichekesho, lakini nyonga inajipanga yenyewe bila kuelezwa.

Na mbele na nyuma: muundi uguse ulimi wa buti daima. Ukikaa nyuma, ncha ya skii inakuwa nyepesi, haing'ati, na skii isiyong'ata mbele haiwezi kuanza kona. Utalazimika kuizungusha, na tumerudi pale pale.

Kuunganisha kona moja na nyingine ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kati ya kona mbili kuna nukta ambapo skii zote ziko bapa juu ya theluji. Ni muda mfupi, na mwili hauupendi, kwa sababu kwa nukta hiyo hakuna makali yanayokushika. Hapo ndipo visigino vinapopenyeza msukumo wao. Kaa bapa. Hesabu moja kimoyomoyo. Kisha kidole kidogo. Ukianza haraka kuliko hivyo, ujue hofu imerudi.

Kuhusu kupanga wiki zako mbili: saa ya kwanza ya kila asubuhi iwe ya buluu na ya kazi, zinazobaki ni za starehe, nenda popote na familia yako. Katika ile saa ya kazi, kila ukipanda lifti chagua kitu kimoja tu. Kidole kidogo, au muundi, au ile nukta ya bapa. Mtu anayeshuka akiwaza mambo manne hafanyi hata moja. Ikiwa lifti inapita juu ya njia uliyoshukia, tazama chini, alama zako zinakungoja. Na shemeji apewe kazi ya maana: asimame chini akurekodi kwa simu ukimjia moja kwa moja. Video ya kutoka nyuma haionyeshi magoti.

Kuhama rangi kusiwe suala la ujasiri. Alama zako zikiwa nyembamba tangu mwanzo wa kona hadi mwisho, pande zote mbili, kona kadhaa mfululizo, ongeza mwendo hapo hapo kwenye buluu. Ukiweza, nenda mwekundu ulio mpole. Alama zikipanuka tena, rudi. Mwanzoni utakuwa unarudi sana, si jambo la kukukera.

Sasa shemeji. Mwambie, kwa adabu, kwamba kuburuta si dhambi. Kwenye mteremko mweusi, kwenye barafu, kwenye njia nyembamba au penye watu wengi, anayejua kuburuta kwa kupenda kwake ndiye mtelezaji salama. Kukata kona safi kwenye mteremko mkali kunaleta mwendo mkubwa sana. Wanaofanya hivyo ni wa mashindano, na wao njia yao hufungwa watu wengine wasipite. Wewe shida yako si kwamba unaburuta, ni kwamba huna jingine. Ukiwa na vyote viwili utachagua.

Vifaa nitavipitia haraka, ila visipuuzwe. Unakodisha, bila shaka. Omba skii yenye urefu wa kati ya kidevu na pua yako, R ya 12 hadi 14, kiuno chembamba cha milimita 70 hivi. Zile pana za theluji ya kina zinachelewa kuinama. Pitisha ukucha kwenye makali: yasipoparua ukucha hata kidogo, irudishe wainoe, usione haya, ni kazi ya dakika chache kwao. Buti zikubane. Wakodishaji wengi hupenda kumpa mgeni buti kubwa ili asilalamike, na buti kubwa hula ule mwinamo wote mdogo wa kifundo kabla haujafika kwenye skii.

Turudi Nakuru. Kwanza huna shida ya pumzi: mji wako uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Innsbruck, mji mkuu wa Tirol, iko mita 574. Unachokosa ni theluji tu. Tafuta viatu vya magurudumu, vile vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Uzuri wake ni kwamba magurudumu hayo hayakubali kuburutwa kwa upande kirahisi. Ukitaka kona lazima uyainamishe ungoje, basi. Wakimbiaji wa skii wa Ulaya huyatumia wakati wa kiangazi kupita katikati ya koni kwa sababu hiyo hiyo. Mji wote wa Nakuru unateremka kutoka Menengai kwenda ziwani, kwa hiyo mteremko hutaukosa; utakachokosa ni lami isiyo na matuta. Mahali pazuri ni maegesho makubwa yenye mwinamo mdogo, siku ambayo hakuna shughuli, baada ya kuongea vizuri na askari wa lango. Chupa sita za maji ziwe koni zako. Barabara ya kupanda Menengai uisahau kabisa, ni kali na magari yapo. Helmeti, vikinga magoti, viwiko na vifundo vya mikono vivaliwe kabla hujasimama, na ujifunze breki kwanza mahali tambarare.

Watu watakucheka, hilo ulitarajie. Philip Boit wa huku kwetu Eldoret alikwenda Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye kilomita 10 za skii, akawa wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda, akamngoja mwishoni akamkumbatia. Yake ilikuwa skii ya nyika, kisigino kikiwa huru, si hii yako. Ya mteremko tunaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliyeiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018. Atakayekucheka umtajie mmoja wao uendelee.

Nyumbani, simama kwa mguu mmoja bila viatu ukiinamisha kifundo polepole kwenda kidole gumba, kisha kidole kidogo, huku mabega yametulia. Ukiongeza kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mapaja yatakushukuru ifikapo Februari.

Na Dubai, ndiyo, pitia. Ski Dubai iko ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005, na njia yake ndefu ni mita 400 tu. Wanaojiona mabingwa huidharau kwa ufupi huo, lakini kwa kazi yako inatosha: chukua muda mfupi, fanya reli na lile zoezi la kusimamishwa na mlima, pande zote mbili. Nguo nzito na skii utapata pale pale. Glavu beba zako kutoka nyumbani.